Risasi Iliyokuwa Mkononi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

"Ni mchezo kama michezo mingine, Dada, na hakuna anayeumia." Hayo ni maneno yako mwenyewe. Umeyaweka mstari wa kwanza wa barua, kabla hata hujaniuliza nimeamkaje. Basi na mimi nitaanza nayo, salamu zitasubiri.

Mchezo kama michezo mingine? Mpira ukinipiga kichwani nitashika kichwa na kumtukana aliyeupiga. Nikishindwa karata nitazichanganya upya. Nitajie mchezo mwingine ambao kifaa chake kilibuniwa na mtu aliyekaa mezani akajiuliza namna nzuri ya kumtoboa mwenzake. Mkuki, utasema. Upinde, utasema. Nakujua. Lakini hakuna mlinzi wa geti anayeshinda na upinde kiunoni, na mwanangu hakuuawa kwa mkuki. Na hilo la pili, kwamba hakuna anayeumia, sijui uliliandika kwa mkono gani. Mimi nimeumia. Niliumia pale pale niliposoma "mashindano ya kanda ya bastola" kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukimwandikia Msumari kadi za kumtakia heri ya mitihani.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mke wako hajambo? Na karakana yako ya meno ya bandia, bado inang'arisha vinywa vya watu wasiocheka? Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Daktari ameniambia nipunguze ngazi, kana kwamba ofisi yangu itashuka chini kunifuata.

Narudi kwenye hoja. Nakukumbusha yaliyotokea, maana naona umesahau. Mlinzi wa geti la gazeti letu, yule aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Mama Mwandishi, leo unamchapa nani?", alikuwa anakabidhi zamu na bastola kwa mwenzake. Msumari alikwenda kwenye kibanda cha walinzi kuchukua baiskeli yake. Akafungua mlango, bastola ikalia. Basi. Mwanangu, kijana wa miaka ishirini, mwembamba kama jina tulilompa nyumbani, alibebwa juu ya ule ule mlango wa mbao, baada ya watu kuung'oa kwenye bawaba zake.

Na mtu yule akasimama kizimbani akasema: "Nilikuwa nimeshaitoa risasi. Nilikuwa nayo mkononi." Niliandika gazetini, na narudia kwako: bastola haiwezi kuwa imetolewa risasi na papo hapo ikaua. Ama ilitolewa, na mwanangu yu hai. Ama haikutolewa, na mlinzi ni mwongo. Hakuna njia ya tatu. Ile risasi iliyookotwa sakafuni angeweza kuichomoa mfukoni wakati wowote. Na mtu anayedanganya kuhusu kitu kidogo cha kutosha kiganjani, tena wiki ile ile aliyogombana na kijana kwamba baiskeli inamjazia kibanda, ana kikubwa anachokificha. Mahakama iliona kama nilivyoona: aliua kwa kukusudia. Hata mwenye kampuni ya ulinzi, ambaye simpendi wala hanipendi, aliikata makala yangu akaibandika kwenye vibanda vyake vyote, walinzi waisome wakishika zamu.

Sasa rufaa yake inasikilizwa mwaka huu. Na ni mwaka huu huu mjomba wa marehemu ananiandikia, kwa furaha, kwamba amenunua ala mpya ya kuvaa bastola.

Irudishe huko ulikoinunua, pamoja na kinachokaa ndani yake.

Dada yako


Tarehe 19 Februari

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, goti umelinyoosha juu ya kiti cha pili kama Mama alivyokuwa akifanya. Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema barua yako aliisikia kutoka jikoni, ingawa nilikuwa naisoma kimya.

Kuhusu mkuki umenishinda kabla sijafungua mdomo. Sishangai. Ndiyo maana Baba alikuita Wakili tangu huna meno ya mbele. Lakini nipe nafasi nikueleze tunachofanya, ili ukitutukana uwe unajua unachotukana.

Uwanja wetu ulikuwa machimbo ya kokoto. Pande tatu zimezungushiwa matuta ya udongo marefu kuliko nyumba. Ndani yake wanasimamisha vikuta vya mbao vyenye madirisha, mapipa, na shabaha za kadibodi, na kila kituo kinapangwa tofauti. Mshindani anasubiri mlio wa kipima muda, kisha anakimbia toka dirisha hadi dirisha, anapiga shabaha, anabadilisha magazini, kile kikasha cha risasi, akiwa njiani. Anayeharakisha akakosa, anapungukiwa. Anayelenga vizuri akachelewa, anapungukiwa pia.

Kabla ya zamu zetu tunakipita kituo mikono mitupu, vidole tumevinyoosha kama bastola. Ungetuona ungekufa kwa kicheko. Mfamasia, fundi wa mapaa, mwalimu wa hesabu, na mimi wa meno, watu wazima na vitambi vyetu, tumefumba macho, tunapepesuka na kuelekeza vidole hewani, tunanong'ona, "Hapa mbili, pale mbili, geuka." Msumari akiwa na miaka sita alikuwa akinipiga risasi hivyo hivyo nyuma ya kochi lako, nami nilikuwa nakufa vizuri sana, unakumbuka.

Mtu akishamaliza, wote tunaingia na vibandiko vidogo vya karatasi kuziba matundu aliyotoboa, ili anayefuata akute kadibodi nzima. Hakuna mkubwa wala bingwa asiyebandika.

Lakini si hayo yaliyonipeleka. Kilichonipeleka ni mwisho wake. Ukishapiga ya mwisho, mwamuzi anasogea begani kwako anasema, "Kama umemaliza, toa risasi, onyesha tupu." Unachomoa magazini. Unavuta bamba la juu la bastola nyuma, chemba, tundu linamokaa risasi ya kupigwa, inabaki wazi, na yeye anainama anachungulia kwa macho yake mwenyewe. Huulizwi. Neno lako halina thamani pale, hata ungekuwa sheikh au askofu. Akiridhika anasema, "Kama ni tupu, funga, fyatua." Unaliachia bamba, unaelekeza mtutu kwenye tuta, unavuta triga. Unasikia kta. Basi. Ndipo unaruhusiwa kuirudisha alani.

Ile kta, Dada. Ndiyo mlinzi aliyoitarajia siku ile. Mara ya kwanza kuisikia nilikwenda nikasimama nyuma ya gari langu mpaka watu wakadhani nimeugua. Tangu hapo narudi kila Jumamosi. Nakimbia na kupiga na kuhesabiwa pointi kama wengine, lakini nakwenda kwa ajili ya kusikia jinsi ilivyopaswa kusikika.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza inamsaidia nini marehemu.

Mashindano ya kanda ni tarehe 26 Aprili. Kuna kamba nyuma, watazamaji wanakaa salama. Njoo na ule mwavuli wako wa njano, jua la machimboni ni kali. Usije kunishangilia. Njoo uisikie mara moja tu, kisha uandike utakavyo.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima wote wawili. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikasirika zaidi.

Unaandika vizuri, sikujua. Umemchukua mwanangu ukamgeuza mlio. Wewe unakwenda kila Jumamosi kusikia kilichopaswa kutokea. Mimi nakaa hapa na kilichotokea. Unaniambia neno la mtu halina thamani mpaka jicho la mwingine lichungulie. Vizuri. Mwambie hivyo mlinzi, ambaye neno lake ndilo kitu pekee alichoipa mahakama. Mchezo wako unanithibitishia mimi, haumtetei yeye: angefanya mnavyofanya, mtoto angekuwa hai. Hakufanya, kisha akasema amefanya.

Makala nyingine inatoka kabla ya rufaa, ndefu kuliko ya kwanza. Sitakutaja. Lakini kuna aya moja kuhusu watu wazima wanaonyoosha vidole hewani, nawe utajiona.

Sitakuja huko machimboni. Na usiniandikie mpaka utakapokuwa umeacha.

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima na goti limetulia. Nimekatazwa kukuandikia mpaka niache. Nimeacha, basi nina ruhusa.

Ile aya niliisoma. Fundi wa mapaa aliisoma kwa sauti tukiwa tunasubiri zamu, kundi zima likacheka, nami nikacheka. Umetupata vizuri. "Mabwana wanaomtishia nzi." Hawakujua wewe ni nani kwangu.

Sasa nisome polepole, maana nataka uelewe kila hatua.

Nilikuwa napiga vizuri kuliko siku zote. Ilikuwa imebaki kituo cha mwisho, na wenzangu walishaanza kuniita bingwa kwa utani. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu, mama mmoja makini ambaye hata mkoba wake anaufunga zipu mara mbili. Nikakimbia, nikabadilisha magazini karibu na mwisho, nikapiga mbili za dirisha la mwisho. Magazini ile ilikuwa bado imejaa risasi.

Nikamsikia: "Kama umemaliza, toa risasi, onyesha tupu." Wakati ule ule nikaona kitu cha njano nyuma ya kamba. Mwavuli. Nikasema moyoni, amekuja. Huenda ulikuwa mwavuli wa mtu mwingine yeyote. Lakini mikono yangu ilifanya kazi huku kichwa kikiwa kwenye kamba. Badala ya kuchomoa magazini kwanza, nilivuta bamba kwanza. Risasi iliyokuwa ndani ya chemba ikaruka nje. Iling'aa juani, ikaanguka kwenye changarawe karibu na kiatu changu. Mimi niliiona. Mwamuzi aliiona. Kila mtu aliiona ikitoka. Bamba likarudi mbele kwa nguvu ya springi yake, nalo likirudi linachota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza pale pale ilipotoka ya kwanza. Ndivyo bastola ilivyoundwa. Haijui kwamba umemaliza. Kisha nikachomoa magazini, nimechelewa, mlango ukiwa umeshafungwa.

Nikafungua bamba kuonyesha, lakini nilifungua nusu, kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Mwamuzi akainama akatazama nusu, kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Tulikuwa tumeshaiona ikitoka. "Kama ni tupu, funga, fyatua."

Nikavuta triga nikisubiri kta.

Ilipiga, Dada. Udongo ulirushwa kutoka kwenye tuta kama mtu ameutupia jembe. Hakuna aliyeumia. Mwalimu wa hesabu akaweka mkono wake juu ya wangu, akaitoa bastola, akaikagua, akaikagua tena, akaanza kulia huku akisema, "Lakini niliiona. Niliiona ikitoka."

Nikaondolewa mashindanoni papo hapo, ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Kwa desturi yetu anayeondolewa haendi nyumbani. Anabaki kuwabandikia wenzake matundu mpaka mwisho. Nikabaki. Mfamasia akaokota ile risasi iliyoruka, akanipa. Nikatembea nayo shabaha hadi shabaha, vibandiko mkono wa kulia, risasi mkono wa kushoto.

Mkononi, Dada. Nilikuwa nimeitoa. Nilikuwa nayo mkononi.

Somo la kwanza tulilofundishwa uwanjani ni magazini kwanza, bamba baadaye, na mkufunzi alituambia sababu yake. Nililijua kama ninavyojua jina la Mama. Lakini sikulihusisha hata siku moja na maneno ya mlinzi, kwa sababu nilikuwa nimeshamwamini dada yangu. Ulisema hakuna njia ya tatu. Ulisema vizuri kiasi kwamba nilikaa uwanjani miaka miwili, njia ya tatu iko mbele ya pua yangu, nisiione.

Tofauti yangu na yeye ni tuta. Mimi mbele yangu kulikuwa na udongo. Yeye mbele yake kulikuwa na mlango wa mbao.

Nitampelekea wakili wake maelezo haya. Nimekuambia wewe kwanza.

Mdogo wako


Tarehe 23 Mei

Dada,

Sijui hali yako, ndiyo maana nauliza. Mke wangu anataka kuja huko kukuangalia. Nimemzuia, nimemwambia ukinyamaza unaandika.

Maelezo yangu wakili ameyachukua. Mwalimu wa hesabu ameandika yake, na mfamasia pia. Wakili anasema yangebadilisha kesi kutoka kukusudia hadi uzembe, na mtu huyo ameshakaa ndani kiasi cha kutosha kwa uzembe. Lakini kuna tatizo upande wa mlinzi mwenyewe ambalo hakutaka kunieleza.

Karakana iko kimya siku hizi. Jana nilitengeneza meno ya mzee mmoja nikayapanga kinyume, ya juu chini. Alipojaribu kutafuna akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Niandikie. Hata tusi nitalipokea.

Mdogo wako


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mwambie mke wako asije, ngazi zangu zitamuua, na aniombee goti. Usimnyime yule mzee meno mapya. Ni mzima mimi, kwa maana ya kwamba nakula na kubishana.

Mwavuli ulikuwa wangu.

Nilikuja na basi la asubuhi, nikasimama mwisho wa kamba, nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakisengenya wakwe zao. Nilikuja kukusanya hoja za makala ya tatu, usijipe sifa. Niliona kile kitu kiking'aa na kuanguka. Nikasema, haya, ndiyo hiyo risasi imetoka, sasa itafuata kta yake. Nilikuwa nimeikazia masikio. Kisha ikapiga.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe hukunificha. Kitu cha kwanza nilichohisi ni ushindi. Nilisema moyoni, nilimwambia. Ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja, kwa sababu nilikuwa bado nimeitazama ile risasi kwenye changarawe. Nimebishana na mawaziri, na maprofesa, na mapadri, lakini kile kidubwana kilikuwa kimelala pale chini na hakikubishika. Nikafunga mwavuli nikaenda kituo cha basi. Sikukusubiri. Nilishindwa kukutazama ukibandika.

Barua yako ilipofika sikuifungua kwa siku kadhaa. Nilijua kilichomo.

Nilipoisoma nilishuka kutoka ofisini hadi getini kwetu. Kibanda ni kile kile, wamepaka rangi. Mlango ni mpya, wa mbao vile vile. Makala yangu iko ukutani, ndani ya plastiki, juu ya meza ndogo. Walinzi walikuwa wanakabidhiana zamu. Yule kijana anayetoka akachomoa bastola akasimama mbele ya makala yangu, na mtutu ameuelekeza mlangoni, kwa sababu meza imewekwa hivyo na hakuna pengine pa kuelekeza. Nikamwambia, "Mwanangu, geuka." Akasema, "Nigeukie wapi, mama?" Nikaangalia kuta zote nne. Hakukuwa na pa kumwambia.

Akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba makala anaijua kwa moyo. Nikamuuliza imemfundisha nini. "Kwamba ikitokea," akasema, "nisiseme kitu."

Siku iliyofuata nilikwenda gerezani.

Amekonda. Aliponiona alisimama, akatafuta kofia ya kuvua, hana kofia. Akaniuliza habari za goti, kwa sababu aliliona likianza kuniuma kabla yangu mimi. Nikamwambia nimekuja kwa neno moja. Siku ile, mkononi mwake, ilikuwemo risasi au haikuwemo?

Akasema, "Nilidhani ilikuwemo."

"Sikuulizi ulidhani nini. Ilikuwemo au haikuwemo?"

"Wewe uliandika haikuwemo, mama."

Nikamwambia niliandika upuuzi. Akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Akasema, "Hapana, mama. Mimi ile nimeisoma sana. Hapa ndani hatuna vitabu vingi. Ama ilitolewa, na kijana yu hai, ama haikutolewa. Nimeigeuza kila upande, sikupata pa kupita. Ukiandika jambo wewe, huachi hata upenyo." Akanisomea aya nzima, macho ameyafumba, hakukosea hata nukta. "Mwanzoni nilikuwa naikumbuka ile risasi, ubaridi wake, hapa," akanionyesha kiganja. "Kisha nikajiambia, mwongo hujisikia hivyo hivyo. Siku hizi siikumbuki tena. Nimemwambia wakili sitaki rufaa. Nisiwasumbue watu kwa uongo."

Nikamweleza, mdogo wangu. Nilimweleza bamba, na springi, na ya pili kuchotwa ikaingia. Nilimwambia nimeona kwa macho yangu. Nilibishana kama ambavyo sijawahi kubishana na mtu, na kila nikitoa hoja yeye alinijibu kwa sentensi yangu. Nilikuwa nabishana na mimi mwenyewe kwenye meza ya gereza, na mimi nilikuwa nashinda.

Askari akasema muda umekwisha. Mlinzi akainuka, akanisaidia kuinuka. Akaniuliza, "Ile baiskeli yake, mama, ipo?" Nikamwambia ipo. "Matairi yanaoza ikikaa bila upepo," akasema. "Nilimgombeza tu kwa sababu ilikuwa inamwaga mafuta ya mnyororo kwenye chakula changu. Kesho yake aliniletea kipande cha turubai cha kuifunika." Hilo la turubai halikusemwa mahakamani. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba waligombana.

Wakili wake anasema rufaa inaweza kurudishwa, lakini lazima aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kilichokuwa mkononi mwake. Maelezo yako na ya kwangu hayawezi kuukumbuka ubaridi wa ile risasi kwa niaba yake. Nitakwenda tena Jumapili, na Jumapili nyingine. Njoo nawe. Chukua ile risasi yako, kama wataturuhusu kuingia nayo. Kama hawaruhusu, basi mweleze inavyokaa mkononi. Wewe ndiye mtu mwingine pekee anayejua.

Usinihurumie, sina nafasi ya kuhurumiwa. Msumari hatarudi kwa lolote kati ya haya. Bado kila jioni nasikia baiskeli za watu barabarani nainua kichwa.

Mwisho wa barua hii ndio mwisho wa makala inayotoka Jumatatu. Mhariri anasema ni kali mno kwa watu wanaotulipia matangazo. Nimemwambia ama iende yote ama niende mimi. Isome, uniambie kama nimeacha upenyo.

*Ninyi wenye makampuni ya ulinzi, na ninyi wasimamizi mnaopanga zamu: makala yangu mliyoibandika ukutani ni ya uongo. Mlinzi alisema kweli. Risasi moja inaweza kuwa mkononi na nyingine ikawa ndani ya chemba, nami nimeona. Mlichukua maneno ya mama aliyefiwa mkayatumia badala ya udongo, kwa sababu karatasi ni rahisi kuliko mchanga. Ing'oeni leo. Chini ya pale ilipokuwa, wekeni pipa, mlijaze mchanga hadi juu, na kila anayekabidhi zamu aelekeze mtutu humo kabla hajagusa kitu, na mwenzake achungulie, na achungulie tena. Mkishafanya hivyo msiniandikie mimi. Mwandikieni yeye gerezani, kila mmoja wenu, kwa mkono wake. Mwambieni ile karatasi haipo tena.*

Makala hii sitaitia sahihi kwa jina la safu. Nimeandika tu: Mama yake Msumari.

Dada yako